Tuliazimana

Leo asubuhi, saa nne na dakika chache, Mwenyekiti wa Bodi ametangaza katika chumba cha mikutano cha ghorofa ya juu kwamba picha iitwayo Mshonaji itatoka katika jengo hili keshokutwa, Jumamosi, na kwenda nyumbani kwa wenyewe. Ametangaza pia kwamba neno lililoandikwa chini ya picha hiyo, "Imeazimwa", halitafutwa wala halitabadilishwa. Hiyo ndiyo habari. Salamu zinafuata, na watu wa itifaki wanisamehe kwa kuzitanguliza nyuma.

Mheshimiwa Meya, Mwenyekiti wa Bodi pamoja na wajumbe wako, ambao nawaona bado hamjapumua vizuri tangu asubuhi, Mkurugenzi wa makumbusho, wazee na vijana wa familia zenye picha ndani ya kuta hizi, walinzi, mafundi na wahudumu, ndugu wageni waalikwa, na wewe, Mhifadhi Mkuu, ambaye kesho jioni utakabidhi funguo: nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake, na waliosimama nyuma nawasalimu kwa uvumilivu wao, maana viti vimekwisha.

Nimeombwa nimuage Mhifadhi Mkuu. Nilipouliza niseme nini, Mkurugenzi aliniambia, "Sema kuhusu makumbusho, ukimsifu yeye atatoka nje." Nimetii. Nitasema kuhusu makumbusho, na atakapojikuta ndani ya maelezo, itakuwa si kosa langu.

Kwa wageni ambao leo ndiyo mara yao ya kwanza kuingia humu, mmeketi ndani ya kiwanda cha barafu. Ukuta ulio nyuma yenu una unene wa mkono wa mtu mzima, kuanzia begani hadi vidoleni, na katikati yake umejazwa magome laini ya kuzuia joto. Waliojenga hapa hawakuwa na mpango wowote na sanaa. Walitaka barafu isiyeyuke. Reli ile ya chuma darini ndiyo iliyokuwa ikibeba vipande vya barafu kutoka chumba cha mashine hadi mlango wa nyuma, na leo inabeba taa. Sakafu imeinama kuelekea katikati, maji yalikokuwa yakikimbilia, ndiyo maana kila sanamu mnayoiona humu imewekewa kabari ya mbao upande mmoja. Kinyozi, ile sanamu ya mti mwekundu pale mlangoni, ilikaa mwaka wake wa kwanza bila kabari, na watu wakadhani mchongaji alikusudia kumfanya kinyozi amelewa. Mchongaji mwenyewe alipokuja kuitazama alishika kiuno akasema, "Jamani, mimi niliwaletea mtu mzima na akili zake. Mmemnywesha nini?"

Majokofu yalipoingia majumbani, kiwanda kilifungwa, na jengo likabaki na popo. Kisha akatokea mwalimu wa kuchora wa sekondari ya wasichana. Mji mzima ulimwita Mwalimu Chaki, kwa sababu suruali yake haikuwahi kuonekana na rangi nyingine. Aliiomba halmashauri imruhusu kufanya maonyesho ya wiki mbili. Halmashauri ikampa jengo. Haikumpa picha.

Picha zilikuwa wapi? Zilikuwa majumbani. Mji huu ulikuwa na wachora mabango wa kila aina, na mchora mabango akishamaliza kuchora kiatu kwenye mlango wa duka la viatu, rangi inayobaki haiwezi kurudi dukani. Basi alichora jirani yake, au mke wake akiwa amenuna, au foleni ya mkate anayoiona dirishani. Picha hizo zilining'inia sebuleni juu ya redio, kwenye msumari mmoja, na hakuna aliyeziita sanaa. Mwalimu Chaki alichukua mkokoteni wa zamani wa kubebea barafu, akautandika mablanketi, akaanza kupiga hodi mlango kwa mlango. Akifunguliwa, alisema, "Nimekuja kuazima picha yenu." Na mwenye nyumba, akishatazamana na mkewe, alisema, "Haya, tunakuazima."

Ndugu zangu, naomba tusimame kidogo kwenye neno hilo, kwa sababu kila kilichotokea humu tangu siku ile kimetokana nalo. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, anayechukua anaazima, na anayetoa anaazima. Wenye kamusi watanikumbusha kwamba lipo neno kuazimisha. Lipo, sikatai. Nani kati yenu amelitumia mwaka huu? Mwalimu Chaki aliazima, watu wakamwazima, na chini ya kila picha akaandika kwa mkono wake neno moja: "Imeazimwa". Hakuandika na nani, wala kwa nani. Alikuwa mtu wa rangi, na sentensi ndefu aliwaachia wengine.

Aliwaomba wenye nyumba jambo moja tu. "Msumari msiung'oe," aliwaambia. "Ukitoka huo, nitajuaje pa kuirudisha?"

Wiki mbili zikaisha. Siku ya kufunga, Mwalimu alikuwa tayari na mkokoteni wake mlangoni, lakini foleni ya kuingia ilikuwa imefika kwenye kona ya duka la rangi, na waliokuwa ndani ya foleni, wengi wao, walikuwa wenye picha wenyewe. Walikuja na wageni. Walikuja kuonyesha. Mzee mmoja fundi saa, mwenye picha ya Foleni ya Mkate, alimwambia Mwalimu, "Nyumbani nilikuwa naitazama peke yangu. Hapa na mimi natazamwa. Iache mpaka wiki ijayo." Mpaka leo, ndugu zangu, hiyo wiki ijayo haijafika. Hivyo ndivyo makumbusho ya mji yalivyoanzishwa. Hapakuwa na utepe wala mkasi.

Baadaye vilikuja vingine. Wafanyakazi wa reli walileta chapa za mbao walizokuwa wakichonga kwenye vibanda vya kusubiria treni, na ziko chumba cha mashine, ukutani upande wa kushoto. Wafinyanzi walileta vyungu visivyopikiwa. Chuo kilileta picha ambazo hakuna anayejua juu ni wapi, na mbili kati ya hizo, nasema kwa idhini ya Mkurugenzi, zimewahi kugeuzwa bila mtu kulalamika. Lakini moyo wa jengo hili ni zile picha za mkokoteni, na kila moja ina msumari wake mahali fulani mjini, umekaa kwenye ukuta wa sebule, mtupu, ukisubiri.

Na misumari haikusubiri bure. Mwaka wa tatu, mama mmoja muuza mkaa alikuja kwa Mwalimu Chaki asubuhi mapema.

"Mwalimu, binti yangu anaolewa. Wakwe wanakuja Ijumaa."

"Hongera, mama."

"Hongera nini? Nitawapokeaje na ukuta mtupu? Wataona msumari watauliza, hapo palikuwa na nini, mmeuza?"

Picha yake ilikwenda nyumbani siku hiyo hiyo, ikapokea wakwe, ikakaa wiki moja, ikarudi. Jirani yake akasikia, naye akaja. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya kazi humu ndani: picha ya mkokoteni inaweza kwenda likizo wiki moja, kwa sharti moja, iende kwenye msumari wake. Mahali pake hapa ukutani huwekwa kadi inayosema, "Nimekwenda kusalimia nyumbani. Nitarudi." Mlinzi mpya akiajiriwa, kitu cha kwanza anachofundishwa ni namna ya kumjibu mgeni anayeuliza. Hatakiwi kusema picha "iko" likizo. Anatakiwa kusema "yuko" likizo. Nimeshuhudia mlinzi akirekebishwa kwa hilo mbele ya watalii.

Sasa tumfikie Mhifadhi Mkuu, ambaye namwona ameanza kutazama mlango.

Alikuja hapa akiwa ametoka masomoni, kijana, na begi la brashi ndogo kama za kuchorea nyusi. Wiki yake ya kwanza, familia moja ilirudisha picha ya Mafuriko kutoka likizo. Wengi mnaijua: barabara iliyojaa maji, na mwanamume amebeba kiti kichwani na juu ya kiti ameketi kuku. Mhifadhi aliifungua ile picha mezani. Ilikuwa inang'aa. Anga lilikuwa limehama kutoka kijivu likawa karibu na jeupe.

"Mmeifanya nini?" aliuliza.

Baba mwenye nyumba alijibu kwa fahari, "Tumeiosha."

"Mmeiosha?"

"Sasa wewe, binti, kitu cha kuazima utakirudishaje kichafu? Tena nilisimamia mwenyewe. Mke wangu alisugua, mimi nikasuuza."

Mhifadhi akavuta kiti. Hakupiga kelele wala hakulia. Aliuliza swali moja, "Sabuni gani?"

"Ya kipande."

"Ahsante," alisema. "Ingekuwa ya unga tungekuwa tunaongea mengine."

Kuitibu picha ile kulimchukua miezi, na kona ya juu kulia haikupona. Nendeni mkaitazame, anga pale bado limepauka. Wafanyakazi wakawa wanatania kwamba ndiyo picha pekee ya mafuriko duniani iliyowahi kufuliwa. Lakini yeye aliondoka na jambo jingine kutoka siku hiyo. Yule baba alikuwa ndiye mwenye picha. Babu yake ndiye aliyeichora. Na bado aliirudisha kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Kwa hesabu yake yeye, makumbusho ndiyo yaliyomwazima. Huku ofisini nako, kwa hesabu ya makumbusho, familia ndiyo iliyotuazima sisi. Kila upande ulidhani unafadhiliwa na mwenzake, na kila upande ukawa na adabu kupita kiasi.

Tangu siku hiyo hakuna picha iliyotoka humu bila yeye kwenda kuitazama sebule kwanza. Anaingia, anasalimia, anakubali kukaa, kisha anainuka na kuweka mgongo wa kiganja ukutani kama mtu anayempima mtoto homa. Anauliza jiko liko upande gani. Anauliza nani anavuta sigara. Akisikia unyevu, anasema "Hapana" kabla hajamaliza chai. Ndipo mji ukampa jina la Mama Unyevu, jina ambalo hakulichagua na ambalo, nimearifiwa, anaandikiwa hata kwenye kadi za harusi. Ni huyu huyu aliyewahi kumwambia Meya wa wakati huo, katikati ya hafla, "Mheshimiwa, naomba usogee, unaipumulia." Mheshimiwa wa sasa nakuona umekaa safu salama.

Na sasa Mshonaji.

Aliyeichora ni mchora mabango aliyeitwa Herufi, kwa kuwa nusu ya maduka ya mtaa wa soko yalisomeka kwa mkono wake. Alipeleka suruali kwa fundi cherehani ikatiwe kiraka, akakaa kibarazani kusubiri, na akiwa anasubiri akachora. Suruali iliisha kabla ya picha, basi akawa anarudi kila siku na nguo nyingine isiyochanika, na mwisho picha akamwachia fundi mwenyewe. Mwanamke ameinamia cherehani. Uso huoni, unaona njia ya nywele, uzi aliouuma mdomoni, na mguu mmoja ulioinuka kidogo kutoka kwenye pedeli, kama mtu aliyesikia ameitwa. Nguo anayoishona ina vifungo vyote. Gauni alilolivaa limekosa kimoja. Binti wa fundi huyo, ambaye yuko hapa safu ya mbele na leso yake, anasema kifungo hicho alikimeza yeye, na hataki maelezo zaidi yatolewe hadharani. Alikua akawa muuza vifungo sokoni, na ndiye mnayemjua kama Bibi Vifungo.

Mwaka jana barabara ya soko ilipanuliwa. Ni barabara nzuri, Mheshimiwa Meya, nimepita leo na sikukwama popote. Nyumba ya fundi cherehani ilikuwa katikati yake. Bibi Vifungo alihamia kwa mwanawe, ghorofa ya tatu, kwenye majengo mapya nyuma ya karakana za mabasi. Kabla tingatinga halijafika, alipanda kwenye kiti, akaushika ule msumari kwa koleo, akaung'oa. Ni msumari wa zamani, wenye pande nne, wa chuma kisichopinda.

Miezi mitatu iliyopita alikuja kuomba likizo ya picha yake. Siku hizo hizo, watu wa bima ya ukumbi mpya wa makumbusho haya walikuwa wamefika na swali moja, tena la haki: mwenye mali ni nani? Maswali mawili yakakutana meza moja. Nilikuwepo kama mwandishi, nimeketi pembeni, na nitawasimulia kama nilivyosikia.

Mkurugenzi alianza kwa upole. "Bibi, kanuni unaijua. Picha inakwenda kwenye msumari wake."

Bibi akafungua fundo la leso, akauweka msumari juu ya meza, katikati ya mafaili. "Msumari wake huu hapa."

"Na ukuta, bibi?"

"Ukuta mmeuvunja ninyi serikali."

Mheshimiwa Meya, ulisema maneno ambayo niliyaandika: "Bibi yangu, si serikali, ni barabara."

Naye akakujibu, "Basi iambieni barabara inirudishie ukuta."

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya katika hadithi hii, na naomba asichukuliwe hivyo. Alikuwa na hoja. Mshonaji ndiye uso wa makumbusho haya. Yuko kwenye tiketi, kwenye mifuko, kwenye bango la stesheni. Ukuta mkuu wa ukumbi mpya umejengwa kwa kipimo chake. Unafunguliwa Jumapili ya wiki ijayo, na wageni wake tayari wamekata tiketi za ndege. Je, ni haki kumpandisha ngazi za ghorofa tatu hadi kwenye nyumba yenye mvuke wa jiko na wajukuu wanaocheza mpira koridoni? Na akishafika huko, akikataa kurudi, nani atamdai?

Ndipo mwanasheria wa Bodi, kijana makini, akaona aumalize mgogoro kwa njia ya mkato. Alipendekeza neno "Imeazimwa" litolewe, na mahali pake paandikwe "Mali ya Makumbusho". Lakini kwanza, kwa ajili ya kumbukumbu, alitaka jibu la bibi.

"Bibi, picha hii ni ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Kwa hiyo ni yako?"

"Nimesema ya mama. Mimi nimo humo?"

"Nakuuliza hivi, bibi. Ninyi ndio mlioyaazima makumbusho, au makumbusho ndiyo yaliyowaazima ninyi?"

"Ndiyo."

"Ndiyo lipi?"

Bibi Vifungo akamtazama kama anavyomtazama mteja aliyeshika kifungo cha koti akitaka cha shati. "Mwanangu, tuliazimana," alisema. "Hujawahi kuazimana na mtu?"

Kikao kiliahirishwa. Wengi wenu mmeishi na yale yaliyofuata: familia nyingine zilizokuja kuuliza kama na zao zitaandikwa mali ya makumbusho, na yule mzee wa Mafuriko aliyefika na mkokoteni kabisa, akauegesha mlangoni, akasema hana haraka. Kwa wiki kadhaa, jambo lililokuwa hatarini humu lilikuwa zaidi ya picha moja. Neno lingebadilishwa, kila familia ingekuja na mkokoteni wake, na Mkurugenzi angefungua ukumbi mpya wenye kuta nzuri sana.

Bodi ikamtuma Mhifadhi Mkuu ghorofa ya tatu akague. Lifti ilikuwa mbovu. Naomba mjue kwamba mtoto wa Bibi Vifungo ni fundi wa lifti, na kwamba majirani wamekwisha kumtania kiasi cha kutosha; msiongeze. Mama Unyevu akapanda ngazi, akaketi, akanywa chai, akainuka. Ukuta wa jikoni, hapana. Ukuta wa nje, hapana. Aliushika akafuta mkono. Ukuta wa dirishani ulikuwa mkavu, na hapo ndipo walipogongana.

"Hapa," alisema bibi. "Mama alikuwa anakaa dirishani."

"Hapa jua litamla, bibi. Kufika Jumatano atakuwa amefifia."

"Basi wapi? Koridoni? Ataangaliwa na nani, viatu?"

"Mlangoni mwa chumba chako. Mwanga unafika lakini haugusi. Na ukilala unamwona."

"Nikilala nafumba macho, mwanangu. Wewe hufumbi?"

Walibishana mpaka chai ikapoa, na mwisho walikubaliana mlangoni mwa chumba, kwa sharti kwamba kiti cha bibi kihamie hapo. Kulikuwa na tatizo la msumari, kwani zege halipokei msumari wa pande nne. Mwanawe alitoboa kwa drili, akapachika kipande cha mti mgumu ndani ya tundu, na msumari ukaingia kwenye mti kwa nyundo ndogo, taratibu, bila kupinda. Mama Unyevu akauelemea kwa uzito wa mkono wake, ukashikilia. Kisha bibi akaung'oa tena na kuurudisha kwenye leso, kwa maelezo kwamba picha haijafika na yeye hawezi kulala na msumari mtupu.

Ripoti ya Mhifadhi kwa Bodi ilikuwa na sentensi tatu, na Mwenyekiti ameniruhusu nizisome. "Ukuta ni mkavu. Mwenye nyumba ni mbishi. Napendekeza aende."

Na kuhusu lile neno, alisema kwa mdomo, akiwa amesimama. Alisema amehifadhi rangi, vitambaa na mbao kwa maisha yake yote ya kazi, lakini kama kuna kitu kilichozihifadhi picha hizi kuliko yeye, ni kwamba hakuna aliyewahi kujiona ni mwenyewe wa kuzifanya atakavyo. "Mwenye mali huchoka na mali yake," alisema. "Aliyeazima anaangalia kila siku." Kisha akaketi. Mwanasheria akafunga faili lake taratibu.

Uamuzi wa leo asubuhi mmeusikia. Neno linabaki. Watu wa bima wamejibiwa kwamba mwenye mali ni familia na makumbusho ni mwazimaji, na hilo ni kwa picha zote za mkokoteni. Mshonaji anakwenda. Mwenyekiti, umefanya jambo zito kwa sauti ndogo, na nakupongeza. Umetoa mkononi mwa Bodi haki ya kumdai picha arudi. Kuanzia leo saa nne, akiamua bibi kwamba Mshonaji abaki mlangoni mwa chumba chake, hakuna wa kumpigia simu. Mkurugenzi analijua hilo. Nimemwona mchana akipita mara mbili mbele ya ule ukuta mkuu wa ukumbi mpya, mtupu, mikono nyuma.

Imebaki kazi ya kubeba. Kwa utaratibu, picha hubebwa na mfanyakazi wa makumbusho, na Mama Unyevu anaacha kuwa mfanyakazi kesho jioni. Bibi Vifungo alipoambiwa atatumwa mwingine, alisema maneno mawili: "Asije mwingine." Bodi imelazimika kuunda cheo kipya, cha siku mbili tu, ya kwenda na ya kurudi, nacho ni Mgeni wa Heshima Upande wa Kushoto wa Fremu. Mhifadhi Mkuu, hongera kwa kupandishwa cheo baada ya kustaafu. Si wengi wanaofanikiwa.

Mchana, baada ya tangazo, nilimkuta Bibi Vifungo kwenye ngazi za nje, yeye na leso yake, mwanasheria amesimama karibu akimsubiria gari. Nikamwuliza swali ambalo Mkurugenzi asingeweza kuuliza. Nikasema, "Bibi, sasa picha ni yako, wamesema wenyewe. Je, utairudisha?"

Aligeuka taratibu. "We mwandishi! Umenijua leo? Lini umesikia nimeazima kitu cha watu nikakaa nacho?"

Mwanasheria alifungua mdomo kumwelewesha. Kisha gari likafika, akamfungulia mlango.

Mhifadhi Mkuu, Mheshimiwa Meya, ndugu zangu wote, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu na kwa kunivumilia hadi chai ikapoa. Mshonaji anatoka Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, kwa mlango wa nyuma ilikokuwa ikitokea barafu. Mtoto wa bibi ameahidi kwamba lifti itakuwa imepona. Kadi ya kuweka ukutani imeshaandikwa. Anategemewa kurudi Jumamosi inayofuata, saa hiyo hiyo, kwa mlango huo huo, siku moja kabla ya ukumbi kufunguliwa. Bibi ameagizwa asimwoshe.